Chumvi Imo Mkononi mwa Mpishi

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita Kibiti, mji ulio kando ya barabara kuu ya kusini, zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini. Ifikapo saa sita mchana mabasi na malori husimama, na wachuuzi wa korosho, machungwa na maji ya chupa huyakimbilia madirishani. Nyuma ya wachuuzi hao, kuelekea sokoni, yamepangana mabanda ya mama lishe. Masufuria yamefunikwa, mkaa umekolea, na harufu ya tui la nazi humfikia mpita njia kabla hajaona kinachopikwa. Hapo hula dereva na utingo wake, mwalimu, mkulima aliyeleta mihogo sokoni, mvuvi aliyepanda gari kutoka Nyamisati, muuguzi aliyemaliza zamu, na mgonjwa aliyetoka kliniki.

Nami hula hapo kila nijapo Kibiti kwa huduma za mkoba. Nakiri jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba naandika kwa kuyadharau mabanda hayo. Wali wa nazi wa pale, ukiambatana na mchuzi wa kamba wa Delta siku wanapopatikana, unaweza kumfanya mtu asahau safari aliyo nayo. Ninachotaka kukisema kinahusu wanataaluma wa afya zaidi ya mama lishe, nami ni mmoja wa wanataaluma hao.

Siku moja, baada ya kliniki ya shinikizo la damu, niliingia katika banda nililolizoea na kumkuta mzee niliyemhudumia asubuhi ile. Ni fundi viatu, ana kibanda chake hapo hapo sokoni, anaishi peke yake, na hula bandani mara mbili kwa siku. Asubuhi shinikizo lake lilikuwa 178 kwa 104, ingawa dawa alikuwa akizimeza. Nilimwambia kama nimwambiavyo kila mmoja: apunguze chumvi. Aliitikia kwa adabu, akachukua dawa zake, akaenda.

Nilimwamkia, akaitika na kunikaribisha mezani. Tulikula kimya kwa muda. Kisha akakielekeza kidole kwenye bakuli lake la maharage, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, chumvi hii nimeitia mimi?" Nikamjibu kwamba hapana. Akaendelea: "Umeniambia nipunguze chumvi. Mimi sina jiko wala sufuria. Nipunguze ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilionja maharage yangu upya, safari hii kama tabibu, nikatambua kwamba yalikuwa na chumvi nyingi. Nilikuwa nimekula katika banda lile mara nyingi na kusifu mapishi yake bila kuliona jambo hilo.

Mama mwenye banda alikuwa amesikia mazungumzo yetu. Naye hakunyamaza. "Daktari," alisema, "miaka yote niliyopika hapa hakuna aliyeniambia habari ya chumvi. Bwana afya akija hutazama ndoo ya maji, choo, na cheti changu cha kupimwa afya. Na nikiipunguza leo peke yangu, kesho wateja wako banda la pili."

Katika maneno hayo ya watu wawili yamo yote ninayotaka kuyasema. Ushauri wetu kuhusu chumvi tunampa mtu asiyeshika upawa. Anayeushika hatujawahi kuzungumza naye, na hata tukizungumza naye, hatuwezi kumtaka abebe peke yake hasara ya mabadiliko yanayohitaji kufanywa na wote.

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanyika nchini mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wa watu hao hawahisi lolote. Kichwa hakiumi, macho hayana giza, kazi zinakwenda, hata siku mkono mmoja unapokataa kuinuka na mdomo unapokwenda upande. Kila tabibu aliyefanya kazi katika wodi ya magonjwa ya ndani anazifahamu nyuso za ndugu wanaomleta baba yao akiwa katika hali hiyo, wakiuliza amepatwa na nini ilhali jana alikuwa mzima. Kwa mtu wa Delta, ambaye huenda amesafiri kwa boti akisubiri maji kujaa kabla hajalifikia gari, kiharusi kimekwisha kufanya madhara yake hata kabla ya kuonwa na mganga.

Chumvi inaingiaje hapo? Chumvi tunayoipikia ina madini ya sodiamu. Madini hayo yakizidi, mwili huhifadhi maji ili kuyazimua, na maji hayo huongeza ujazo wa damu katika mishipa. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na figo hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi ili kuitoa ziada. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, kuta za mishipa hukakamaa, moyo hunenepa na kuchoka, figo huharibika, na mishipa ya ubongo huziba au hupasuka. Si kila mtu huathirika kwa kiwango kimoja. Wenye umri mkubwa, wenye kisukari, wenye maradhi ya figo, na wengi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika huathirika zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Sufuria ya maharage ya sahani 20 ikitiwa vijiko 10 vya chai vya chumvi, yaani takriban gramu 50, kila sahani hubeba gramu 2 na nusu. Wali ukichangia gramu 1 na nusu, na kipande cha ng'onda kikichangia gramu 1, mlaji amekwisha kufikia kikomo cha siku kwa mlo mmoja, wala hajakigusa kikopo cha chumvi kilichopo mezani. Jioni anarudi tena. Huyo ndiye tunayemwambia apunguze chumvi, kisha tunaandika katika faili lake kwamba hafuati ushauri.

Kwa muda mrefu tumefundishwa, nasi tumefundisha, kwamba mlo ni uamuzi wa mtu binafsi. Fikra hiyo ina ukweli kwa mtu mwenye jiko, muda na fedha ya kuchagua. Kwa fundi viatu, dereva, kuli, mwanafunzi aliyepanga chumba na mvuvi aliye safarini, mlo huamuliwa na kile kilichopikwa. Anaweza kuchagua kati ya samaki na maharage, lakini hawezi kuichambua chumvi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya mchuzi.

Nchi nyingine zimelitambua hili, na mifano yake inafaa kutazamwa. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, haikuishia kuwahimiza wananchi kupunguza chumvi. Iliwaendea watengenezaji wa mikate na vyakula vingine vya viwandani, ikawawekea viwango vya kupunguza kidogo kidogo, wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kumpokonya mwenzake wateja. Wastani wa chumvi anayokula mtu kwa siku ulishuka kutoka gramu 9.5 hadi gramu 8.1 kufikia mwaka 2011, na walaji wengi hawakutambua kwamba ladha ya mkate wao ilikuwa imebadilika.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu unatoka Peru. Katika vijiji 6 vya mkoa wa Tumbes, watafiti waliiondoa chumvi ya kawaida na kuweka chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Hawakuipeleka majumbani tu. Waliipeleka pia madukani, katika majiko ya jumuiya, na kwa wauzaji wa vyakula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miongoni mwa watu ambao hawakuwa na shinikizo la juu la damu, uwezekano wa kulipata ulipungua kwa takriban nusu. Huko China nako, katika vijiji 600, chumvi ya aina hiyo ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14 miongoni mwa watu waliokuwa katika hatari kubwa, kama ilivyochapishwa mwaka 2021. Nitoe tahadhari hapa hapa: chumvi ya potasiamu inaweza kuwa hatari kwa mwenye maradhi ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za moyo. Mgonjwa asiinunue kabla ya kumwuliza mtaalamu anayemtibu. Naitaja mifano hii ili tuone jambo moja linalofanana ndani yake: mabadiliko yaliingia kupitia jikoni na dukani, mlaji hakuachiwa mzigo peke yake.

Wala hatuna haja ya kujiona wageni katika kazi ya namna hii. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka miwili baadaye ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wazee wa Kibiti wenye umri wa kutosha wanazikumbuka. Kilichozifanya kampeni hizo ziwe na nguvu ni kwamba watu waliketi pamoja, wakaafikiana, wakatenda pamoja.

Kibiti yenyewe ina funzo jingine la kujivunia. Wakati ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, eneo hili lilikuwa miongoni mwa yale yaliyojaribiwa mpango wa kugawa fedha za afya kwa kufuata magonjwa yanayowaua watu kweli, kwa takwimu zilizokusanywa kaya kwa kaya. Katika miaka michache vifo vya watoto wilayani vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na funzo hilo likasomwa hata nje ya mipaka ya nchi. Msingi wake ulikuwa mwepesi kuueleza: peleka nguvu pale ugonjwa ulipo. Leo sehemu ya ugonjwa huo imo katika sufuria ya sokoni, nasi bado nguvu zetu tumezifungia ndani ya chumba cha kliniki.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Kuna wasemao kwamba mfanyakazi wa juani hutoka jasho, hivyo anahitaji chumvi. Ni kweli kwamba jasho hutoa chumvi, lakini anachohitaji kwanza mtu huyo ni maji ya kutosha, na mlo wa kawaida humpa chumvi inayomtosha. Wengine watasema kwamba tukiwatisha watu kuhusu chumvi wataacha chumvi yenye madini joto na kurudi kwenye chumvi ghafi. Hofu hiyo ni ya haki. Ujumbe wetu uwe kamili: tumia chumvi yenye madini joto, na uitumie kidogo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mama lishe mwenyewe: wateja watahama. Hapa sayansi inampa matumaini. Ulimi huzoea. Chumvi ikipunguzwa kwa hatua ndogo, wiki baada ya wiki, mlaji hurekebisha matarajio yake, na chakula kilichokuwa cha kawaida kwake hapo awali huanza kumwonekea kuwa na chumvi kali. Jiko la pwani lina utajiri ambao majiko mengi duniani hayana: ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga, na tui zito la nazi lenyewe. Uchachu na viungo huuamsha ulimi hata pale chumvi inapopungua. Mama lishe wa Kibiti hahitaji kufundishwa kupika na daktari. Anahitaji kuambiwa tatizo lilipo, naye atalitafutia ladha yake. Na mabanda yote yakianza siku moja, hakuna banda la pili la kukimbilia.

Mambo ya kufanya basi ni yapi? Kwa mama lishe, ningependekeza manne ambayo hayagharimu kitu. Apime chumvi kwa kijiko badala ya kuitia kwa kiganja, maana kiganja hakina kumbukumbu. Apunguze kijiko kimoja katika kila vinne, asubiri wiki chache, kisha aone kama inawezekana kupunguza tena. Akitumia vidonge vya kukolezea mchuzi, akumbuke kwamba vina chumvi ndani yake, asitie na chumvi juu yake kana kwamba havina. Samaki wa chumvi amloweke na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika. La tano si la upishi: kikopo cha chumvi kiondoke mezani. Anayeitaka ataiomba, na wengi hawataiomba.

Kwa wafanyakazi wa afya, nasema nasi tutoke. Afisa afya wa kata anayo heshima na mamlaka, na mama lishe anamfahamu. Ukaguzi wa maji, vyoo na usafi wa mikono usilegee hata kidogo, hasa katika eneo ambalo mafuriko ya Aprili 2024 yalitukumbusha jinsi maji salama yanavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja. Lakini ziara hiyo hiyo inaweza kubeba somo la chumvi, na ikaacha kuwa ziara ya kuogopwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kupima shinikizo la damu la mama lishe wenyewe, ambao hushinda mbele ya moshi na moto na kula kile kile wanachokipika. Mwuguzi na tabibu wa kliniki waongeze swali moja kabla ya kutoa ushauri: chakula chako nani anakupikia? Jibu likiwa ni mke, mume, binti au mama lishe, basi huyo naye aitwe au afuatwe.

Kwa mgonjwa anayesoma ukurasa huu, una haki ya kuomba. Mwambie anayekupikia kwamba una shinikizo la damu. Omba maharage yako yachotwe kabla ya chumvi ya mwisho kutiwa. Omba mchuzi kidogo na mboga za majani zaidi, kamulia ndimu, acha ng'onda kwa siku nyingi za wiki. Na nisieleweke vibaya: kupunguza chumvi hakuchukui nafasi ya dawa. Endelea kumeza dawa zako kila siku, hata ukijisikia mzima, na rudi kliniki kwa tarehe uliyopangiwa. Mzee wangu wa Kibiti alihitaji kuongezewa dawa, nami nilifanya hivyo. Lakini kumwongezea dawa huku sufuria ikibaki vile vile ni kuteka maji kwa ndoo inayovuja.

Halmashauri na viongozi wa masoko nao wana nafasi. Makubaliano ya soko zima hayawezi kufanywa na mtu mmoja. Yanahitaji kikao, mwenyekiti, na siku ya kuanza. Mama lishe wengi tayari wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa, na kikundi chenye daftari la hisa kinaweza pia kuwa na kijiko cha kipimo cha pamoja.

Kabla ya kuondoka siku ile nilimwomba mwenye banda anioneshe anavyoitia chumvi. Alichota kwa vidole, akatia, akaonja, akachota tena. Nilipompa kijiko tukapima alichokuwa akikitia, yeye mwenyewe alishangaa, akawaita jirani zake wawili waje waone. Hatukutatua lolote kwa dakika zile kumi. Lakini yalikuwa mazungumzo yangu ya kwanza kuhusu chumvi, katika miaka yote ya utabibu, na mtu mwenye uwezo wa kuipunguza kwa walaji wengi kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo nimeomba kwamba ziara yetu ijayo ya mkoba isiishie katika jengo la kliniki. Tutatenga saa moja asubuhi, kabla moto haujakolea na wateja hawajafika, tukae na wapishi wa soko tukiwa na mizani, vijiko na kipimo cha shinikizo la damu. Nawaomba wenzangu wanaofanya kazi katika miji mingine ya barabarani na sokoni wafanye vivyo hivyo, kisha watuandikie kupitia jarida hili yale watakayoyakuta, yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Mzee fundi viatu ameniuliza swali la haki, na kila siku tunayochelewa kumjibu anakula milo miwili.